Anayeuliza Kifaa Kiko Wapi Si Hasidi

Boksi lilifika mwezi wa saba, miezi 19 baada ya tarehe iliyoahidiwa. Mpwa wangu, anayepiga video za harusi hapa Mombasa, alilifungulia barazani kwangu Mji wa Kale kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na kishikio cha simu chenye mota, kile kinachoituliza picha wakati mpigaji anatembea. Kizuri kukitazama. Lakini tundu lake la kuchajia ni la mtindo wa zamani, na waya zote alizonazo siku hizi ni za Type-C. Taya zake nazo zilipimwa kwa simu za wakati ule, kwa hivyo simu yake ya sasa haikuingia mpaka alipoivua kava. Alikuwa amelipa dola 89 kwa kadi ya rafiki yake.

"Mjomba, angalau kimefika," akaniambia.

Hilo "angalau" ndilo linalonisumbua. Kwenye mitandao ya uchangishaji kama Kickstarter, ambako mtu hutoa pesa leo kwa kifaa ambacho bado hakijatengenezwa, anayeuliza mbona mzigo haujafika huitwa hasidi, mwenye kijicho, mtu asiyeelewa ubunifu. Mimi naona huyo ndiye anayeonewa.

Watengenezaji wana hoja zao, na ni hoja za kweli. Saa ya Pebble iliomba dola 100,000 mwaka 2012, ikapata zaidi ya dola milioni 10 kutoka kwa watu karibu 69,000. Aliyejipanga kutengeneza saa chache akajikuta anadaiwa saa 85,000. Kalibu za plastiki zichongwe, kiwanda kitafutwe, vipimo vifanywe na virudiwe. Saa zilizoahidiwa Septemba 2012 zilianza kutoka Januari 2013. Miezi minne kwa kazi ya namna hiyo, nani wa kulaumu? Na hapa kwetu kuna BRCK, kile kiboksi cha intaneti kilichozaliwa Nairobi mikononi mwa watu wa Ushahidi, shirika la teknolojia, kilichoweza kuendelea kufanya kazi kwa saa nane umeme ukikatika. Mwaka 2013 kiliomba dola 125,000, kikachangiwa zaidi ya 170,000, na wachangiaji wakakipata 2014, nyuma ya ratiba. Sijamsikia mtu mzima akiwaita wale wezi. Wapo wenye mashaka wanaovuka mpaka: kifaa kikichelewa wiki mbili wameshaandika "utapeli" na kumtukania mtu mamake. Hao siwatetei.

Lakini kuna takwimu moja ambayo watetezi huishika kama ngao. Mwaka 2015 Ethan Mollick, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitoa utafiti uliowahoji karibu wachangiaji 47,000 wa Kickstarter. Akakuta kwamba miradi 9 katika kila 100 ndiyo iliyoshindwa kuleta ilichoahidi. Kwa hiyo, wanasema watetezi, 91 imefaulu, kelele za nini?

Nimeitafakari hiyo 9 mara nyingi. Kwanza, imekusanya kila kitu: vitabu, muziki, filamu, michezo ya mezani, pamoja na mitambo. Pili, inahesabu kilichofika na kisichofika, basi. Mollick huyohuyo, katika utafiti wake wa 2014 juu ya miradi ya teknolojia na ubunifu wa bidhaa, alikuta zaidi ya asilimia 75 imechelewa. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja unapata picha kamili: vingi hufika, na vingi hufika vimechelewa. Sasa tuulize kuchelewa kunafanya nini.

Kanzu ikikosa Idi kwa sababu ya fundi, utaudhika, lakini Ijumaa utaivaa. Kitanda cha mvule kikichelewa mwezi, kikija ni kitanda kilekile. Kifaa cha elektroniki hakiko hivyo. Betri inapungua nguvu hata ikikaa kwenye boksi. Programu za simu zinabadilika, tundu la chaji linabadilika, simu yenyewe inanenepa mgongoni kwa kamera. Halafu zinaingia nakala. Kile kidude cha kuchezea vidoleni, Fidget Cube, kilichangiwa zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2016, na kabla wachangiaji hawajapata chao, nakala zake zilikuwa tayari zinauzwa mtandaoni. Yaliyompata mpwa wangu ni hayohayo. Miezi kadhaa kabla boksi lake kufika, kishikio cha aina ileile kilikuwa kinaning'inia dukani Barabara ya Digo, chini ya nusu ya bei aliyolipa, na tundu lake ni Type-C.

Alichonunua yule kijana ni kuwatangulia wenzake. Alitaka misimu miwili ya harusi, kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, ambamo video zake zingekuwa laini kuliko za wapigaji wengine wa mjini. Misimu hiyo ilipita kishikio kikiwa bado kiwandani. Na wakija watafiti kumhoji, ataandikwa miongoni mwa wale 91 waliofaulu.

Kuna jibu ambalo hutolewa hapa kila mara: hili si duka, ni mchango. Kickstarter wenyewe walitangaza mwaka 2012 kwamba wao si duka. Nalichukua jibu hilo kwa uzito, maana sisi tumelelewa na harambee. Lakini harambee ya shule ikiisha, madarasa yanabaki kijijini. Katika mchezo wa kina mama wa kuchangiana pesa kwa zamu, kila mmoja anajua zamu yake ni lini na mshika fedha analala nyumba gani. Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe, ilichangiwa dola milioni 2.4 mwaka 2012, na 2014 Facebook wakainunua kwa kiasi cha dola bilioni 2. Waliochangia miwani waliipata, hisa hawakuwa nazo. Hisa hawakuahidiwa. Ila mtu aliyebeba hatari ya mwekezaji bila fungu la mwekezaji, mwacheni basi awe na haki ya mnunuzi ya kuuliza.

Na asipouliza, hutokea yale ya Coolest Cooler, boksi la barafu lenye spika na mashine ya kusagia vinywaji. Lilichangiwa zaidi ya dola milioni 13 mwaka 2014. Wachangiaji wakiwa bado wanangoja, boksi likaanza kuuzwa Amazon kwa yeyote mwenye pesa. Mwaka 2016 waliokuwa wangali wanangoja wakaombwa waongeze dola 97 ili wapelekewe haraka. Kampuni ilifungwa mwishoni mwa 2019, na takriban watu 20,000 hawakupata kitu. Fundi seremala wa Mwembe Tayari akichukua rubuni yako, kisha akauza kitanda chako kwa mpita njia na kukuomba uongeze pesa, majirani wangekujia juu ukinyamaza.

Mwanamke ambaye zamu yake ya mchezo imepita bila kupewa kitu haendi kumtukana mshika fedha. Anakwenda barazani kwake, anakaa, anapewa chai, na haondoki. Wenye mashaka wengi niliowasoma wanafanya hivyo tu: wanataka kuona kifaa kinachofanya kazi badala ya mchoro, na wanataka habari mbaya wapewe mapema. Tena wamewafaa hata wale wanaowaita mahasidi. Septemba 2012, malalamiko ya ucheleweshaji yalipozidi, Kickstarter waliwataka watengenezaji waeleze hatari za miradi yao, na wakapiga marufuku michoro ya kompyuta inayofanana na picha halisi kwenye miradi ya vifaa. Bila waliokaa barazani sheria hiyo isingekuja.

Mpwa wangu aliuliza mara moja tu katika ile miezi 19. Wachangiaji wenzake, si mtengenezaji, wakamwambia analeta kisirani. Akaacha kuuliza.

Juzi aliazima waya wa zamani kwa fundi wa simu, akakichaji kile kishikio usiku kucha, na Jumamosi akakitumia kwenye harusi moja Majengo, simu ikiwa haina kava. Alinionyesha video. Bibi harusi anashuka ngazi, picha imetulia kama maji ya mtungi. Akaniambia kazi kama hii angeifanya tangu mwaka juzi, akaifunga simu, akaenda zake.