Presha haipigi hodi

Katika mazungumzo yetu presha ni kitu cha kuhisi. "Usinipe presha," tunaambiana, na aliyekasirika husema presha imempanda. Nadhani ndiyo maana wengi husubiri kichwa kiwagonge ndipo wakapime. Presha yenyewe, yaani shinikizo la juu la damu, haipigi hodi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajijui.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hata tukiizungumzia, tunaishia kwenye moyo na kiharusi. Akili inayofifia polepole, bila kiharusi chochote cha kuonekana, haitajwi.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna akiba ya maana. Damu ikikatika, mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Damu hiyo hupita kwenye vijishipa vyembamba mno. Vikipigwa kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, kuta zake hunenepa na kukakamaa, njia hubana, na nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine huanza kukosa damu. Kwenye picha za ubongo za kipimo cha MRI, sehemu zilizoumia huonekana kama madoa meupe.

Kwa kuwa kinachoumia ni viunganishi, mara nyingi kumbukumbu si ya kwanza kuguswa. Hutangulia wepesi wa kufikiri: kupanga mambo, kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, kufuatilia hoja ndefu hadi mwisho. Nasi tunamwambia mtu huyo, "Uzee huo, zoea." Neno hilo silipendi hata kidogo.

Utafiti wa SPRINT wa Marekani ulihusisha watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliolenga kushusha namba ya juu kati ya zile mbili za kipimo cha presha iwe chini ya 120, badala ya chini ya 140, walipungukiwa kwa asilimia 19 na hatari ya udhaifu mdogo wa akili, yaani kumbukumbu na fikra kufifia bila mtu kushindwa kujitegemea. Kwa demensia kamili, yaani akili kufifia hadi mtu asiweze kujitegemea, tofauti haikuwa dhahiri, na isidaiwe zaidi ya hapo. Hata hivyo, kwangu asilimia 19 si haba, tena kwa dawa zilizokuwepo siku zote.

Suala ni lini. Wanaofuatiliwa kwa miaka mingi huonyesha kwamba presha ya umri wa makamo ndiyo inayohusiana zaidi na demensia ya uzeeni. Kwa wazee sana picha hubadilika: presha ikishuka mno, au mtu akisimama tu anaona kizunguzungu, ubongo nao hupungukiwa. Kwa hiyo dozi ya mzee ni ya kujadiliana na daktari wake, si ya kuongeza nyumbani.

Ningependa kila mhudumu anayemfunga mkanda mkononi mtu wa miaka 40 amtajie ubongo hapohapo, kabla hata ya kusoma namba.