Mtoto mdogo mwonyesheni picha kwanza, maana ya jamii atawaambia mwenyewe

Niko Ujerumani, nafanya kazi chekechea kama msaidizi wa walimu, na kama kuna kitu kimoja cha huku ningetamani kifike Tanzania hata kesho basi siyo majengo wala tableti, ni namna wanavyomfundisha mtoto mdogo mambo ya jamii kwa picha. Nimekaa na hili moyoni muda sasa nimeona bora niliseme.

Shule ya msingi huku wana somo linaitwa Sachunterricht, jamii, mazingira na sayansi vyote humohumo, lakini kazi inaanza mapema zaidi, bado wakiwa chekechea. Kuna vile vitabu vikubwa vya kurasa ngumu, unafungua unakuta mtaa mzima umejaa watu, kila mtu na hamsini zake, na hamna neno hata moja lililoandikwa. Mwalimu anakifungua sakafuni, watoto wanalala kifudifudi kukizunguka, halafu anauliza swali moja tu, hapa nani anafanya kazi? Siku moja wakaanza na wale wa wazi, dereva wa basi, wazoa taka, fundi yuko juu ya paa. Halafu kabinti kamoja kakaweka kidole kwenye dirisha la ghorofani, kuna mwanaume kabeba kichanga, kakauliza na huyu je? Mmoja akasema huyo hafanyi kazi, yuko nyumbani, halipwi. Mwingine akawaka, baba yangu anafanya hivyohivyo kutwa nzima na jioni anachoka kuliko mama! Ikawa ubishi kwelikweli, na mwalimu hakuamua nani kashinda, akawauliza tu, sasa asipombeba yeye atambeba nani? Yaani watoto hawajui hata kuandika majina yao vizuri lakini tayari wanajadili kazi ni nini, malipo ni nini na nani anamlea nani.

Sasa nyumbani. Mtoto wa dada yangu yuko darasa la nne, tukiongea kwenye simu lazima nimuulize wamesoma nini.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu, haya leo shuleni mmefanya nini?"

"Huduma za jamii." Akazishusha zote bila kupumua, maji, afya, elimu, barabara, umeme. Nikamuuliza, na yule kaka anayewaletea maji kwa mkokoteni? Akafikiria kidogo akasema, "Huyo hayumo mamdogo, kwenye daftari hayupo."

Hilo jibu lilinikaa sana. Mtoto ana akili nzuri tu, maji anayoogea kila siku anajua yanakotoka na anajua dumu linauzwaje, ila shule imemzoeza kwamba jamii ni ile orodha iliyo ubaoni na yale anayoyaona mlangoni kwao ni mambo mengine kabisa. Na siwalaumu walimu, naomba hili lieleweke, mwalimu ana darasa la watoto hata mia na zaidi, upimaji wa darasa la nne unamsubiri mbele, atafanyaje zaidi ya kuandika ubaoni wanakili? Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umepanga masomo upya, sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Jiografia na Mazingira, sawa, lakini kubadilisha jina la somo hakubadilishi kinachotokea darasani kama mtoto bado anaanza na "maana ya" halafu "aina za" halafu "faida za".

Picha kwetu zipo, tatizo ni kwamba tumezifanya pambo. Kitabuni inakaa pembeni ya maelezo, ndogo, na mtoto anaruka moja kwa moja kwenye maswali. Kule nilikosoma mimi chati za manila zilizochorwa kwa maka peni zilibandikwa wakija wakaguzi, wakiondoka zinarudi kabatini.

Wala hili siyo jambo la kizungu la jana. Mwaka 1658 kule Nuremberg, Ujerumani, kilitoka kitabu cha watoto cha Comenius, mwalimu mmoja Mcheki, kila somo lina picha, ndani ya picha vitu vimepewa namba, na namba hizo ziko kwenye maneno pia, kwahiyo mtoto anatembeza jicho kutoka kwa mwoka mikate hadi jina la kazi yake. Vienna, Austria, mwaka 1925 mwanafalsafa Otto Neurath akafungua makumbusho ya kuelezea jamii na uchumi kwa alama za picha, na alikuwa na sheria moja ambayo mpaka leo naiona ni ya maana sana: ukitaka kuonyesha watu wengi zaidi usichore mtu mkubwa zaidi, rudia mtu yuleyule mara nyingi zaidi, mtoto anahesabu mwenyewe anaona. Hebu fikiria darasa la tatu wanachora hivyo wangapi wanakuja shule kwa miguu, wangapi kwa daladala, wangapi kwa bodaboda. Hapo hamna gharama, ni chaki tu.

Ila na huku siyo kila kitu cha kuiga. Mwanangu alipoanza kuangalia hivi vitabu aliniuliza bibi analala wapi, maana nyumba kwenye ile picha ina baba, mama na watoto wawili basi. Vitabu vya kuagiza tukivipeleka nyumbani kama vilivyo tutawafundisha watoto wetu mitaa ya watu, treni za chini ya ardhi na theluji. Picha inafanya kazi pale mtoto anapomtambua mtu aliyemo, kuwe na mama ntilie, fundi cherehani kibarazani, mjumbe na daftari lake, foleni ya madumu bombani, bibi anayelea wajukuu saba.

Na wachoraji tunao jamani! Edward Saidi Tingatinga alianza pale Dar mwaka 1968 na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, na leo kila mji una fundi wa mabango anayechora saluni na gereji ukutani mpaka unamtambua mwenye duka. Fundi huyo mpeni ukuta mmoja wa darasa, achore mtaa ule ule wanaoishi wale watoto, rangi ya mafuta inakaa miaka, na darasa la watoto mia wote wanaona bila kugombania kitabu.

Najua wapo wanaosema picha ni za chekechea, darasa la nne wasome maandishi. Miaka ya 1950 Marie Neurath, mjane wa yule Otto, alifanya kazi na serikali ya Nigeria ya Magharibi, wakatengeneza vijitabu vya picha vya kuwaelezea wananchi, watu wazima, mambo ya elimu na upigaji kura. Kama mtu mzima anaelezwa kura kwa picha, mtoto wa miaka tisa kwanini anyimwe? Mwalimu uliyewahi kufundisha hivi na darasa kubwa, natamani sana kujua uliwagawaje, kwa makundi au kwa zamu, na wale wa nyuma walikuwa wanaongea au wanasikiliza tu.