Simfonia ya tatu: ya Elgar au ya Payne?

Kabla ya kufa tarehe 23 Februari 1934, mtunzi Mwingereza Edward Elgar alimsihi rafiki yake, mpiga fidla W. H. Reed, asimruhusu mtu yeyote kuigusagusa simfonia yake ya tatu, kazi ndefu ya okestra ambayo hakuimaliza. Pengine heri ichomwe moto, alisema. Leo simfonia hiyo inapigwa kumbini na imerekodiwa zaidi ya mara moja. Wanaoita jambo hili usaliti wana hoja nzito. Ila hoja hiyo haijakamilika.

BBC waliiagiza mwaka 1932, baada ya mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw kuwasukuma, kwa pauni 1,000 zilizolipwa 250 kila robo mwaka. Elgar alikuwa na miaka 75 na hakuwa ametoa kazi kubwa ya okestra tangu 1919. Oktoba 1933 alipasuliwa, ikaonekana saratani imeshavuka uwezo wa madaktari. Akaacha kurasa zaidi ya 130 za rasimu.

Kurasa hizo si simfonia iliyokatikia njiani. Elgar hakuwa na desturi ya kutunga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliandika kipande hapa na kipande pale, akakaa kwenye piano huku Reed akimpigia fidla, kisha akatafuta namna ya kuviunga. Kwa hiyo kurasa za kwanza kabisa zina noti za kila ala, sehemu kubwa ya mwanzo iliyobaki iko katika mistari michache tu, na kwingine kuna sauti ya juu bila besi, yaani sauti ya chini. Baadhi ya vipande alivichota katika kazi zake za zamani: sehemu ya pili inatumia muziki alioutungia tamthilia ya mfalme Arthur mwaka 1923. Na sehemu ya nne haina mwisho. Si kwamba umepotea, hakuuandika.

Anthony Payne, mtunzi Mwingereza, alianza kuzichunguza rasimu hizo mwaka 1972. Kuandika besi iliyokosekana, kugawa noti kwa ala, hayo mtu aliyemsoma Elgar vizuri anaweza kuyafanya bila kukosea sana. Ugumu uko kwenye mpangilio: kipande kipi kifuate kipi, na wazo likuzwe kwa muda gani kabla ya kurudi. Huko Payne hakumalizia kazi ya mtu, alitunga. Mwisho wa sehemu ya nne ni wake kabisa, ingawa aliazima mbinu ya kipande cha Elgar cha 1931 kuhusu mkokoteni unaopita: mdundo unaorudiarudia, unaokua, kisha unafifia. Ni wazo la busara. Lakini Elgar mwenyewe hakumaliza simfonia zake mbili za kwanza kwa namna hiyo.

Sasa ule wosia. Elgar huyohuyo alimwambia daktari wake kwamba asipoimaliza yeye, mtu mwingine ataimaliza au atatunga iliyo bora. Kauli mbili za mgonjwa mmoja, na kila upande huchagua inayoufaa. Isitoshe, Reed mwenyewe alichapa picha za kurasa nyingi za rasimu katika kitabu chake cha 1936, na hapo siri ikawa imekwisha toka.

Familia ilikataa kwa miongo mingi. Iliporidhia katikati ya miaka ya 1990, sababu kubwa ilikuwa hesabu ya hakimiliki: miaka 70 baada ya kifo ingetimia mwishoni mwa 2004, na kurasa za Reed zingekuwa huru kwa yeyote, mjuzi au mbabaishaji. Bora kumkabidhi mtu mmoja makini. Hoja hiyo naikubali, ingawa ni ya kisheria zaidi kuliko ya heshima kwa marehemu.

Kwa hiyo ipigwe. Linalonikera ni tangazo. Tarehe 15 Februari 1998, Andrew Davis alipoiongoza kwa mara ya kwanza jijini London na okestra ya BBC, jina rasmi lilieleza kwamba hizi ni rasimu za Elgar zilizoendelezwa na Payne. Matangazo mengi siku hizi hufupisha: Elgar, Simfonia Na. 3. Msikilizaji anaondoka akimsifu au kumlaumu Elgar kwa dakika za mwisho ambazo hakuandika hata noti moja. Kijitabu cha programu kinaweza kulimaliza hili kwa ukurasa mmoja, kikitaja sehemu kwa sehemu nani aliandika nini. Payne hakuficha chochote. Alieleza hadharani alipoongeza na kwa nini. Wanaofuta jina lake ni waandaaji.