Gia za mkono au otomatiki: hoja ya gari dogo kwenye milima ya Mwanza

Ukisimama pale wanapooshea magari, Kirumba au Nyakato, ukauliza gari lipi linanoga kuendesha, utapata majibu mawili, na kila upande unajibu kwa uhakika. Wa kwanza watakwambia gia za mkono ni za Hiace za abiria, za Hardtop na malori. Mtu aliyetoa pesa yake kwa ajili ya starehe hana sababu ya kukanyaga klachi. Wa pili watasema aliye kwenye otomatiki haendeshi, anaendeshwa. Naona wote wanaliruka swali lililo muhimu zaidi: injini iliyo chini ya boneti ina nguvu kiasi gani?

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, gia za mkono husifiwa zaidi kwenye magari yenye nguvu nyingi. Porsche walipotoa 911 GT3 mwaka 2013 ikiwa na giaboksi ya PDK peke yake, yaani otomatiki ya klachi mbili, wapenzi wa gari hilo walilalamika, na mwaka 2017 gia za mkono zikarudi. Toyota nao waliziongeza kwenye GR Supra mwaka 2022. Lakini gari la namna hiyo halizihitaji. Injini inavuta kwenye gia yoyote, ukikosea bado unaondoka, na PDK inabadili gia haraka kuliko mkono wa binadamu. Pale mwenye gari ananunua hisia. Sidharau hisia hata kidogo, ila gari lingekwenda vizuri tu bila klachi.

Sasa chukua Toyota IST ya injini ya 1.3, watu wanne ndani, AC imewashwa, inapanda kuelekea Bugando au inazitafuta kona za Isamilo. Hapa gia ndiyo kila kitu. IST za mwanzo, zilizoanza kutoka mwaka 2002, zina otomatiki ya gia nne tu, na kutoka ya pili hadi ya tatu kuna pengo kubwa. Unapanda na ya pili vizuri, unalegeza mguu kidogo kwenye kona, giaboksi inaingiza ya tatu, gari linaishiwa nguvu. Unakanyaga mafuta, inarudi ya pili kwa kishindo. Mita chache mbele mchezo unaanza upya. Si ubovu. Giaboksi hiyo inapima mwendo wa gari na jinsi mguu wako ulivyokanyaga. Haioni kwamba baada ya kona mlima unaendelea. Dereva anaona. Anaiona kona, anaiona bodaboda inayoshuka katikati ya njia, anabaki na ya pili mpaka juu bila injini kukoroma hovyo. Raha ninayoitetea iko hapo, kwenye kuamua kabla gari halijazidiwa, na kadiri injini ilivyo ndogo ndivyo uamuzi huo unavyokuwa na uzito.

Kwa hiyo naamini gia za mkono zina maana kubwa zaidi kwenye Vitz, Passo na IST kuliko kwenye Porsche. Linaloniuma ni kwamba magari hayohayo ndiyo yanayotufikia karibu yote yakiwa otomatiki. Hatukuchagua sisi. Tunanunua yaliyotumika Japani, na Wajapani waliacha klachi zamani. Tangu mwaka 1991 nchi ile inatoa hata leseni ya otomatiki pekee. Matokeo yake, kijana wa Mwanza hukutana na gia za mkono kwenye gari la kazi tu, lenye klachi nzito na abiria wanaogonga bodi washushwe, halafu anahitimisha kwamba gia za mkono ni mateso. Hajawahi kukaa kwenye gari dogo, jepesi, lenye gia tano zinazoingia kwa vidole viwili.

Upande wa otomatiki nao una haki yake, na kwenye foleni una haki yote. Jioni kutoka mjini kupita Mabatini mpaka Buzuruga na Igoma, bajaji zikichomekea kushoto na kulia, hakuna raha yoyote ya klachi. Kubalansi kwenye mwinuko huku daladala imekugusa mgongoni ni ujuzi mzuri kuwa nao, lakini ukiurudia kila baada ya hatua tano goti linalalamika. Na uchovu unaiba umakini, umakini ambao watoto wanaovuka barabara wanauhitaji kuliko wewe unavyohitaji raha. Kwa mtu ambaye muda wake mwingi wa kuendesha unaishia huko, otomatiki ni chaguo la busara na wala simwoni amepoteza kitu.

Tena otomatiki nyingi za Toyota zina nafasi za 2 na L za kuizuia giaboksi isipande gia za juu, nyingine na kitufe cha O/D cha kuzima gia ya juu kabisa, na wenye magari hawavigusi kabisa. Weka 2 kabla ya kuanza kupanda Isamilo na ile vurugu niliyoieleza inapungua sana. Weka 2 au L unaposhuka, injini inakusaidia kushika gari na breki hazichemki. Wapo wanaoshuka na N, gia huru, wakidhani wanaokoa mafuta. Kwenye injini ya EFI, ambayo mafuta yake hupimwa na kompyuta, ni kinyume: gari likiwa ndani ya gia na mguu umeachia, mafuta hukatwa, lakini kwenye N lazima yaendelee kuingia ili injini isizime. CVT, otomatiki zisizo na gia za ngazi, sizipendi mlimani, injini inalia sauti moja huku mwendo ukija taratibu, na zinataka oili yake maalumu. Fundi akimwagia ya otomatiki ya kawaida, gharama yake utaijua baadaye. Klachi iliyoisha hubadilishwa na mafundi wengi zaidi.

Barabara ya Musoma haina hoja kubwa. Baada ya Kisesa na Magu ni tambarare, ziwa linajitokeza kushoto na kupotea, na gia yoyote inatosha. Tofauti inakuja kwenye vibao vya 50: ukiwa na gia za mkono ukaweka ya tatu, mwendo unatulia mpaka umpite askari mwenye tochi, ilhali otomatiki kwenye D inapenda kuteleza mbele. Kwenye Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 na kuiondoa foleni ya kivuko pale Kigongo, ni kilomita 3 ambazo hata gia hutaikumbuka.

Kwangu mimi, anayeishi Bugando, Isamilo au Capri Point na anayependa kuendesha, atafute gari dogo la gia za mkono hata kama itabidi asubiri. Asiyelipata, otomatiki ya gia sita kama ile ya Mark X ya 2.5 inampa raha kuliko CVT yoyote, ilimradi pesa ya mafuta ipo. Na ukienda kulijaribu gari usikubali kuzungushwa barabara ya uwanja wa ndege tu. Pakia watu wanne, panda nalo mlima, simama katikati ya mwinuko, ondoka, kisha shuka na gia ya pili bila kugusa breki. Likikataa hapo, rudisha ufunguo.