Huyu kafundwa na nani?

Juzi kibarazani jamaa wawili walibishana kuhusu neno "fundi". Mmoja alishikilia ni Kiarabu, eti limetoka kwenye "fanni", maana Mwarabu humwita hivyo mtu wa kazi za ufundi. Sikubaliani naye. Huko tulichukua "fani", na "mhandisi" pia, lakini fundi kazaliwa hapahapa kwa Wabantu. Mama yake ni kitenzi "kufunda".

Tazama ndugu zake: kufunza, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi, mkufunzi. Kungwi humfunda mwali unyagoni. Kule Afrika Kusini, kwa Mzulu "ukufunda" ni kusoma au kujifunza, na "umfundisi" ni mwalimu au mchungaji wa kanisa. Nyundo na bisibisi hazimo kabisa humo. Ndiyo maana tuna fundi wa ngoma, na kiungo akimlaza beki chini kwa chenga moja, mashabiki wanapiga kelele "fundi huyo!"

Siku hizi kila mwenye spana ni fundi. Mwaka juzi nilimwita mmoja anibadilishie koki ya jikoni. Usiku ule tuliweka ndoo. Kesho yake nikampata mzee mmoja, kaja na kijana wake wa kubeba mkoba. Akaifungua koki, akaitazama ile tepu nyeupe iliyojisokota kwenye nyuzi, akaguna: "Huyu kafundwa na nani?" Tepu ilizungushwa kinyume. Ukikaza, yenyewe inafumuka.

Swali lake ndilo lililonikaa. Hakuuliza kama ana cheti. Na vyeti sivibezi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, siku hizi inawapima hata waliojifunzia mtaani na kurasimisha ujuzi wao, jambo jema sana. Lakini saidia fundi anayebeba zege huku jicho lake liko kwenye timazi, naye anafundwa, ingawa hakuna anayemwita mwanafunzi.

Ninaowalaumu hasa ni mafundi wenyewe. Kuna wanaoficha kazi. Ikifika hatua yenyewe, pale pa kukata kola au kupiga hesabu ya paa, kijana anatumwa dukani akanunue misumari. Akirudi, kazi imekwisha. Miaka mitatu inapita hivyo, kisha anatoka kwenda kufungua kibanda chake, na sisi ndio tunaoweka ndoo usiku. Wanasema wanalinda riziki. Mimi naona mtu wa hivyo hilo jina halimfai, hata mkono wake uwe mwepesi vipi.

Yule mzee wangu alifunga tepu vizuri, akakaza, akafungulia maji. Hata tone. Nikaingiza mkono mfukoni nimlipe, akaniambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Akafunga maji, akaifungua koki tena yote, akaibandua tepu yake na kumpa kijana ile rola. "Haya, funga wewe."