Dawa isiyoachia kimeng'enya: tatizo si kufuli

Dawa nyingi hushika kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kisha zikakiachia. Vizuizi vya kovalenti, yaani dawa zinazojifunga kwa bondi imara ya kikemia, haviachii: vikishajifunga, kimeng'enya hicho ndiyo basi tena, mpaka mwili utengeneze kingine. Kwa maradhi yanayohusishwa na msongo wa oksidesheni, yaani seli kuelemewa na kemikali kali zitokanazo na oksijeni, wazo hili linavutia. Badala ya kummiminia mgonjwa vitamini, unakizima kimeng'enya kinachozalisha kemikali hizo.

Chukua kimeng'enya cha MAO-B. Huvunja dopamini, kemikali ya kupelekea ujumbe ubongoni, na kila ikivunja huacha haidrojeni peroksaidi, moja ya kemikali hizo kali. Selejilini na rasajilini, dawa za ugonjwa wa Parkinson, huingia humo kama vile ni dopamini. Kimeng'enya chenyewe ndicho kinachoziamsha, nazo hujifunga kwenye flavini, sehemu yake inayofanya kazi. Ujanja ni huo: kimeng'enya kisichoziamsha hakidhuriki. Rasajilini huisha kwenye damu baada ya saa chache tu, ilhali MAO-B ya ubongo huchukua wiki kadhaa kurudi. Ndiyo maana miligramu 1 kwa siku inatosha.

Wenye mashaka nao wana hoja. Uteuzi huo wa kimeng'enya una mpaka: selejilini ya kumeza ikipita miligramu 10 kwa siku huanza kuziba pia ndugu yake, MAO-A, inayovunja utumboni tiramini, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vyakula. Hapo mgonjwa akila jibini lililokomaa sana, shinikizo la damu laweza kupanda ghafla. Akiacha vidonge leo, kilichokwisha kufungwa hakifunguki kesho.

Hata hivyo, kemia hii naiona imekomaa. Kinachonitia shaka ni shabaha: je, kukizima kimeng'enya hicho kunazuia ugonjwa wenyewe? Jaribio la ADAGIO, lililochapishwa 2009, lilitaka kujua kama rasajilini hupunguza kasi ya Parkinson yenyewe. Miligramu 1 ilifikia malengo yaliyowekwa. Miligramu 2, ajabu, haikufikia. Verdiperstat, dawa nyingine isiyoachia, nayo hufunga mieloperoksidezi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu kinachotengeneza asidi ya hipoklorasi, ileile inayoua vijidudu ukitia jiki kwenye maji. Mwaka 2021 ilishindwa kuwasaidia wagonjwa wa MSA, maradhi ya ubongo yenye dalili za jamii ya Parkinson.

Rasajilini bado huandikiwa wagonjwa na huwapunguzia dalili, ila sifa hiyo ni ya dopamini inayookolewa. Kabla ya kugharamia molekuli nyingine isiyoachia, ningedai kwanza kipimo kinachoonyesha, ndani ya mgonjwa aliye hai, kwamba peroksaidi imepungua na seli zake za ubongo zimeacha kufa kwa kasi ileile.