Aliyefilisika ana nyumba gani ya kuuza?

Swali hili liliulizwa barazani, Majengo, Mombasa, vikombe vya kahawa tungu vikiwa mkononi, na aliyeuliza wala hakuwa na ubaya. Bwana mmoja wa mtaani alikuwa amemleta dalali aiangalie nyumba anayokaa. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba bwana huyo aliwahi kutangazwa mufilisi na Mahakama Kuu. Alikuwa na malori manne. Mizigo ya bandarini ilipoanza kusukumwa kwenye reli mpya mwaka 2018, malori yakalala lakini mikopo haikulala. Basi kijana mmoja akamwambia, kwa adabu zake zote: "Ami, samahani, si ulifilisika wewe? Sasa hii nyumba imetoka wapi?"

Ami hakujibu. Alimaliza kahawa yake, akaingia ndani.

Kijana yule ana haki yake, na ni vyema aanze kupewa. Mtu hafilisiki peke yake. Malori yakikamatwa, benki inakuwa na logibuku mkononi, lakini fundi wa matairi aliyekopesha kwa neno la mdomo hana kitu. Utingo aliyekosa mshahara wa miezi mitatu hana kitu. Muuza vipuri pale Changamwe ana daftari tu. Watu hao wakiambiwa kwamba mdaiwa wao "ameachiliwa", yaani sheria imemfungua na madeni yake, kisha wakamwona anatembea na dalali kukagua dari na milango, ni nani atakayewalaumu wakihisi wamechezewa? Na wajanja wapo. Tunawajua wanaoandikisha nyumba kwa jina la shemeji wiki moja kabla ya kwenda mahakamani. Sheria nayo inawajua: msimamizi wa mali za mufilisi ana uwezo wa kurudi nyuma na kubatilisha zawadi za namna hiyo, kuficha mali ni kosa la jinai, na deni lililotokana na ulaghai halifutwi na kuachiliwa kokote.

Hayo nayakubali. Ila swali lenyewe limejengwa juu ya dhana kwamba mufilisi mkweli ni yule asiyebaki na chochote, milele, na akionekana na chochote basi alificha. Dhana hiyo si sheria. Wala si dini, kama nitakavyoeleza.

Sheria ya Ufilisi ya Kenya, ya 2015, inakwenda hivi. Amri ikitolewa, mali za mtu zinatoka mikononi mwake na kuingia kwa msimamizi, naye anabakishiwa vifaa vya kazi yake na vyombo vya ndani vya lazima. Atakachokipata kabla ya kuachiliwa nacho kinafuata mkondo huohuo. Anaachiliwa baada ya miaka mitatu, na miaka hiyo haihesabiwi tangu siku ya amri. Inahesabiwa tangu siku alipowasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Aliyeificha ile fomu kwenye droo kwa mwaka mzima kwa sababu ya aibu, amejiongezea mwaka.

Sasa mtazame Ami. Aliwasilisha taarifa yake 2019. Nyumba yake mwenyewe, ile ya Mshomoroni yenye hati, ilikuwa imewekwa rehani na ikauzwa na benki. Mwaka 2022 akaachiliwa. Mwaka 2023 mama yake akafariki dunia, akaacha nyumba ya Majengo kwa mwana mmoja na mabinti wawili. Kwa hesabu za mirathi, nusu ni ya Ami na kila dada ana robo. Mama angetangulia kabla Ami hajaachiliwa, nusu ile ingekwenda kwa wadai bila mjadala. Hakutangulia. Tarehe ya kifo ndiyo iliyoamua nyumba ni ya nani, na sidhani yupo barazani pale aliyetaka kumwambia Ami kwamba mama yake alichagua siku.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mombasa analielewa na wa Nairobi huenda ikabidi aelezwe. Ile nyumba ni nyumba bila ardhi. Kuta na bati ni za familia, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi hulipwa kodi ya kiwanja, risiti zikatunzwa ndani ya kopo la Kimbo juu ya kabati. Nyumba za namna hii zimejaa Majengo, Kisauni, Likoni. Benki nyingi haziigusi nyumba isiyo na hati, kwa hiyo ni nadra kuikuta imewekwa rehani. Ndiyo maana mtu aliyepoteza nyumba yenye hati huonekana amebaki na hii isiyo nayo. Majirani wanaona ujanja. Mimi naona hati tu ndiyo iliyomvuta dalali wa mnada kwenda Mshomoroni na kumwacha apite Majengo bila kugeuka.

Hapo Mshomoroni ndipo ningependa tukae kidogo, maana ndiko pesa zilikopotelea, na hakuna aliyeuliza swali lolote siku ile.

Mwenye rehani hasubiri ufilisi. Yeye yuko nje ya foleni ya wadai wengine, na anaweza kuuza kilichowekwa rehani kwake hata kama mdaiwa ameshatangazwa mufilisi. Kinachombana ni Sheria ya Ardhi ya 2012: mkopaji apewe notisi ya kulipa ndani ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na dalali wa mnada naye atoe siku 45 zake. Zikipangwa moja baada ya nyingine ni karibu nusu mwaka. Halafu sheria ikaweka kinga ya bei: anayeuza lazima atafute bei bora inayopatikana, na nyumba ikienda kwa robo au zaidi chini ya bei ya soko, itachukuliwa kwanza kwamba hakutimiza wajibu huo, mpaka athibitishe vinginevyo.

Robo. Kwenye karatasi ni kinga. Kwenye mnada imegeuka kuwa shabaha. Mthamini anaandika bei mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na hii ya pili kwa kawaida ni robo tatu ya ile ya kwanza. Wanunuzi wa minada wanaijua. Wanakuja wameivaa kichwani. Tuchukue nyumba ya shilingi milioni 12 yenye deni la milioni 8.2. Ikigongwa nyundo kwa milioni 9 na kitu, ukitoa ada za dalali, mawakili, matangazo ya gazetini na riba iliyokuwa ikipanda siku zote zile, mwenye nyumba anatoka na mikono mitupu, na fundi wa matairi anatoka naye. Mtu huyohuyo angeuza kwa mkono wake ndani ya ile nusu mwaka, kwa milioni 11 tu, akaishusha bei ili apate mteja upesi, benki ingelipwa yote na kungebaki zaidi ya milioni mbili za kugawia watu wenye madaftari. Hii ni nyumba moja, mtaa mmoja. Tofauti yote ni nani aliyeshika kalamu.

Mbona basi watu hawauzi mapema? Kwa sababu nusu mwaka ile inatumika kukimbilia mahakamani kuomba zuio, kuwaita wazee, na kuandika kwa rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Familia inamshika mkono. Nyumba ni heshima, anaambiwa. Nyumba ya baba haiuzwi. Na atakayesema "tuuze sasa tungali na hiari" ndiye anayeonekana hana haya. Upande huu nao una uzito, nisiupuuze. Mke na watoto wana haki ndani ya kuta zile. Sheria yenyewe inadai ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani au kuuzwa, na aliyewahi kupanga chumba na watoto watano anajua kwamba paa la mtu halilinganishwi na milioni mbili. Kushikilia nyumba si ujinga. Wakati mwingine zuio linafaulu, biashara inafufuka, mtu anapona. Lori lililoegeshwa tangu 2018, hata hivyo, halikufufuka upesi; amri ya kupeleka mizigo kwa reli ilikuja kulegezwa wakati wenye malori wengi walikuwa wameshaitwa na benki.

Wanaoshikilia nyumba huegemea dini, nao wana aya ya kuegemea: katika Surat al-Baqara, aya ya 280, mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka afarijike. Ni kweli. Lakini aya inamzungumzia asiye na cha kulipia. Kuhusu mwenye nyumba, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa Pwani, yana kauli isiyopendwa kutajwa msibani: nyumba ya muflisi huuzwa hata kama anaihitaji kukaa, naye akapange. Hanbali ndio wanaomwachia makao. Kwa hiyo anayeuza hajaiacha dini ya mababu zake. Huenda ameifuata kuliko wale waliopaka rangi ukutani. (Abu Hanifa naye alikataa kadhi kumwekea mtu mzima kizuizi cha mali kwa sababu ya deni. Wanazuoni wamejadiliana haya kwa karne nyingi, sisi tunataka kuyamaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa.)

Sasa tuje kwa anayetaka kununua nyumba ya mtu aliyewahi kufilisika, maana yeye ndiye mwenye hoja kali kuliko zote dhidi yangu. Kuachiliwa kunamfungua mtu na madeni. Hakumrudishii nyumba ambayo tayari iliingia kwa msimamizi. Kama alikuwa nayo siku ya amri, na msimamizi hajaiuza wala kuiachia, basi anayekuonyesha dari si mwenye nyumba, hata kama analala humo. Mnunuzi anayeuliza mara mbili anajilinda, na hana kosa. Uingereza waliliona tatizo hili wakaweka kikomo: msimamizi asipochukua hatua juu ya makao ya mufilisi ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida nyumba inamrudia mwenyewe. Ningependa kuona kifungu kilicho wazi namna hiyo hapa kwetu, ili shaka iwe na tarehe ya kufa.

Lakini shaka ya mnunuzi haiishii kwenye kuuliza. Inageuka bei. Mnunuzi wa Ami alikuwa amefika shilingi milioni 4.8. Akasikia barazani habari za ufilisi, akashuka hadi 3.9, bila kuomba karatasi hata moja. Alisema tu, "Na mambo yake yale, unajua." Punguzo la aibu hilo, sijui jina jingine la kuliita. Na kama ingekuwa ni nyumba ambayo bado iko kwa msimamizi, punguzo hilohilo lingetoka mifukoni mwa wadai, wale ambao baraza linadhani linawatetea.

Nikiwa hapohapo, neno moja kuhusu kodi, kwa sababu nimeona linawaumiza watu wawili watatu. Kodi ya faida ya mauzo ya mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Anayeuza makao yake mwenyewe anasamehewa, mradi awe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza. Na mtu aliyebanwa na madeni hufanya nini kwanza? Anapangisha nyumba yake ili apate chochote, anahamia kwa wakwe. Msamaha umeondoka. Anapouza baadaye, serikali inangoja mlangoni, na hakuna aliyemwambia siku aliyokabidhi funguo kwa mpangaji.

Ami hakushuka na mnunuzi wake. Alimpeleka kwa wakili na faili la plastiki: barua inayothibitisha kwamba ameshaachiliwa, karatasi za mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi zenye majina ya warithi watatu, na lile kopo la Kimbo zima, kwa sababu mwenye kiwanja lazima aridhie mpangaji mpya wa ardhi yake na hataridhia kama kodi imelala. Wakili alisoma zile tarehe mbili, ya kuachiliwa na ya kifo, akaziandika juu ya karatasi moja na kumsogezea mnunuzi. Mnunuzi akapanda hadi 4.5.

Bado haijauzwa. Dada mdogo amekataa. Anasema laki tatu zilizobaki chini, elfu sabini na tano ni zake, na yeye hajawahi kudaiwa hata na muuza mboga.